John Kemp Starley: Mtu aliyeifanya baiskeli iweze kutengenezwa

Chini ya mwembe, kando ya barabara ya vumbi, fundi anaipindua baiskeli, magurudumu yakaelekea juu. Analegeza nati mbili za gurudumu la nyuma, anauvuta mnyororo uliolegea, anakaza tena, kisha anazungusha pedali kwa mkono huku akisikiliza. Kazi hiyo ya dakika tano hufanyika kila siku Shinyanga, Kisumu, Busia na Bujumbura.

Ni wachache miongoni mwa mafundi hao waliopata kusikia jina la John Kemp Starley. Hata jijini London, alikozaliwa, wengi hupita karibu na kazi yake bila kumfahamu. Hata hivyo, baiskeli aliyoitangaza mwaka 1885 ndiyo mama wa karibu kila baiskeli inayotembea duniani leo, iwe ile nyeusi ya kubebea mizigo vijijini au ile ya milimani yenye gia nyingi na matairi mapana.

Maisha yake yalikuwa mafupi. Hayakufika miaka 50. Lakini katika muda huo aliigeuza baiskeli kutoka chombo cha hatari cha vijana wenye fedha ikawa mashine ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimiliki, kuifungua na kuirudisha barabarani kwa vifaa vichache.

Mtoto wa Walthamstow

Starley alizaliwa mkesha wa Krismasi, katikati ya miaka ya 1850, katika eneo la Walthamstow. Leo Walthamstow ni sehemu ya jiji la London, mwisho wa mojawapo ya njia za treni za chini ya ardhi. Wakati ule ilikuwa bado ni sehemu ya mkoa wa Essex, penye mashamba na nyumba za matajiri waliotaka kukaa mbali na moshi wa jiji.

Baba yake, aliyeitwa pia John, alikuwa mtunza bustani. Haikuwa familia ya wasomi wala ya wenye mali. Kilichobadili maisha ya kijana huyo ni ami yake, James Starley, ambaye naye alianza maisha kwa kushika jembe katika bustani za watu.

James alizaliwa mwaka 1830 huko Sussex, kusini mwa Uingereza, akatoroka kwao akiwa bado kijana na kupata kazi ya bustani Lewisham, kusini mashariki mwa London. Mwajiri wake, John Penn, alikuwa mtengenezaji mashuhuri wa injini za meli. Saa za mapumziko James alizitumia kufungua na kutengeneza saa. Siku moja cherehani ya nyumbani kwa tajiri wake iliharibika. James akaifungua, akaitengeneza, kisha akaonyesha jinsi ambavyo ingeweza kuboreshwa.

Kwa kazi hiyo alitambulishwa kwa watengenezaji wa cherehani jijini London, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 akahamia Coventry, mji ulio kilomita 150 hivi kaskazini magharibi, pamoja na Josiah Turner, kuanzisha kiwanda. Hivyo basi, historia ya familia iliyoipa dunia baiskeli ya kisasa ilianza na ukarabati wa kifaa kibovu cha nyumbani.

Mji uliopoteza kazi

Coventry ya wakati huo ilikuwa na majonzi. Mji ulikuwa umetegemea ufumaji wa tepe za hariri na utengenezaji wa saa. Mwaka 1860 Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa biashara ulioruhusu hariri ya Kifaransa kuingia bila ushuru, na wafumaji kwa maelfu wakakosa kazi. Palikuwa na mikono yenye ustadi lakini haikuwa na la kufanya.

Mwishoni mwa miaka ya 1860, mpwa wa Turner aliyeitwa Rowley Turner alirejea kutoka Paris akiwa na mashine ya magurudumu mawili yenye pedali kwenye gurudumu la mbele. Alipendekeza kiwanda cha cherehani kiziunde kwa ajili ya soko la Ufaransa. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, soko hilo lilifungwa, na kiwanda kikalazimika kuuza bidhaa zake nyumbani. Coventry ikawa mji wa baiskeli.

James Starley hakuridhika na kunakili. Mwaka 1870 yeye na William Hillman walipata hataza ya baiskeli nyepesi ya chuma iliyoitwa Ariel, na mwaka 1874 akabuni namna mpya ya kupanga spoki. Badala ya spoki kutoka katikati ya gurudumu zikiwa zimenyooka kama miale ya jua, alizilaza ubavuni, nyingine zikielekea mbele na nyingine nyuma, zikapishana. Mpangilio huo huziwezesha spoki kuhimili nguvu ya miguu na ya breki. Fundi anayenyoosha rimu leo, akibana spoki hii na kulegeza ile, anafanya kazi juu ya wazo hilo la mwaka 1874.

Kijana John Kemp alifika Coventry mwaka 1872, kabla hajatimiza miaka 20, akajifunza kazi mikononi mwa ami yake na Hillman. Mwishoni mwa miaka ya 1870 alijitegemea. Aliungana na William Sutton, mpenzi wa baiskeli wa mji huo, wakafungua karakana iliyojulikana kwa jina la Meteor, wakiunda hasa baiskeli za magurudumu matatu. James alifariki dunia mwaka 1881. Jukumu la kuendeleza jina la Starley likabaki kwa mpwa na watoto wake.

Baiskeli iliyokuwa ikiua

Ili kuelewa alichofanya John Kemp Starley, ni lazima kuitazama baiskeli aliyoikuta. Gurudumu lake la mbele liliweza kufikia kimo cha mita moja na nusu, na la nyuma lilikuwa dogo kama sahani ya pilau. Pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Mzunguko mmoja wa mguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu, basi aliyetaka mwendo alihitaji gurudumu kubwa zaidi, na kikomo chake kilikuwa urefu wa miguu yake.

Mwendeshaji alikaa juu kabisa, karibu na sehemu ya mbele. Jiwe dogo au shimo lilitosha kumrusha kichwa mbele kutoka kimo cha mtu mzima. Watu walivunjika mikono na shingo. Wanawake, wazee na watu wafupi waliachwa nje ya mchezo huo. Waliobahatika waliendesha magurudumu matatu, ambayo yalikuwa mazito na ya bei kubwa.

Palikuwa na tatizo jingine lisilosemwa sana. Kwa kuwa gurudumu lilipimwa kwa urefu wa mguu wa mnunuzi, baiskeli ya mtu mmoja haikumfaa mwingine. Ndugu hakuweza kumwazima ndugu mwenye kimo tofauti, wala gurudumu la baiskeli iliyokufa halikuwa lazima liwe msaada kwa iliyo hai.

Rover yafika London

Starley hakuwa wa kwanza kufikiria kupeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma kwa mnyororo. Mwingereza Henry Lawson alipata hataza ya baiskeli ya namna hiyo mwaka 1879, lakini haikupata wanunuzi. Mwaka 1880 Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, alipata hataza ya mnyororo wenye vigurudumu vidogo juu ya pini zake, uliokuwa imara na laini kuliko ya awali. Chuma bora, gololi na mirija myepesi vilikuwa vimepatikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuviweka vyote mahali pake.

Kazi hiyo aliifanya Starley. Miaka mingi baadaye, mwaka 1898, alisimama mbele ya jumuiya ya wataalamu jijini London kueleza jinsi alivyofikiri. Alisema alianza na mwili wa mwendeshaji kabla ya mashine: akae umbali gani kutoka ardhini, kiti kiwe wapi kulingana na pedali, usukani uwe wapi kulingana na kiti, na vyote viweze kusogezwa ili kumfaa kila mtu. Mnyororo ukafanya yaliyobaki. Kwa kuwa gurudumu la meno la mbele lina meno mengi kuliko la nyuma, mzunguko mmoja wa mguu huzaa zaidi ya mzunguko mmoja wa gurudumu. Mwendo haukuhitaji tena gurudumu refu.

Baiskeli hiyo ilionyeshwa mwaka 1885 katika maonyesho ya Stanley, maonyesho makuu ya baiskeli ya wakati huo, jijini London. Iliitwa Rover, neno lenye maana ya mtu asiyetulia, mzururaji. Wapo waliocheka. Mwanamume shupavu, walidhani, hawezi kushushwa chini hadi karibu na vumbi. Starley hakubishana nao. Aliirekebisha, akaupa usukani muunganiko wa moja kwa moja na gurudumu la mbele na kuyafanya magurudumu yakaribiane kwa ukubwa, kisha mwezi Septemba mwaka huohuo yakaandaliwa mashindano ya maili 100, sawa na kilomita 160, yaliyokimbiwa kwa baiskeli za Rover. Mshindi alitumia zaidi kidogo ya saa saba na kuvunja rekodi.

Baada ya hapo kicheko kilikoma. Ile ya gurudumu refu iliitwa na Waingereza baiskeli ya kawaida, na hii mpya baiskeli ya usalama. Haikupita miaka kumi, ile ya kawaida ikawa kitu cha makumbusho. Nchini Poland hadi leo baiskeli yoyote huitwa rower, neno lililotokana na jina la mashine ya Starley.

Mnyororo, nguvu na udhaifu wake

Wapinzani wa Rover walikuwa na hoja moja iliyokuwa ya kweli. Baiskeli ya zamani haikuwa na mnyororo, kwa hiyo haikuwa na mnyororo wa kukatika. Starley alikuwa ameongeza kifaa kinachopita karibu na ardhi, kinachokula matope na vumbi, kinachoshika kutu na kulegea. Pamoja na uhuru alimpa mwendeshaji wajibu, yaani matunzo.

Mnyororo wa kawaida una pingili zaidi ya mia moja, na kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya tundu lake. Watu husema mnyororo umevutika. Kwa hakika chuma hakivutiki. Ni pini na matundu yanayolika kidogo kidogo, na kila pingili ikiongezeka unywele mmoja, mnyororo mzima unarefuka.

Kipimo chake siku hizi ni kimoja. Umbali kati ya pini na pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Weka rula kwenye mnyororo, uanzie katikati ya pini moja. Pini ya 24 baada yake inapaswa kuangukia inchi 12 kamili. Ikipita hapo kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, mnyororo wa baiskeli ya gia nyingi uko tayari kubadilishwa. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, kuna uwezekano mkubwa kwamba umekwisha kuyala meno.

Hapo ndipo wengi hupata hasara. Mnyororo mpya ukiwekwa juu ya meno yaliyolika, huruka, hasa mtu anapokanyaga kwa nguvu kupanda mlima. Mwenye baiskeli hulaumu mnyororo mpya kuwa ni wa bandia, kumbe mkosaji ni meno ya zamani yaliyochongoka kama ya papa. Anayebadilisha mnyororo mapema huokoa meno. Anayengoja hununua vyote viwili.

Dalili nyingine nazo zina lugha yake. Mnyororo unaolia umekauka: ufutwe kwa kitambaa, utiwe mafuta mepesi tone kwa tone kwenye pini, usubiriwe, kisha ufutwe tena ili mafuta ya nje yasiwe gundi ya vumbi. Grisi ni ya gololi zilizofichwa, si ya mnyororo. Gurudumu linaloyumba kushoto na kulia lina spoki iliyolegea au kukatika. Gurudumu lenye kucheza unapolitikisa kwa mkono lina koni zilizolegea au gololi zilizokwisha. Mlio wa kugonga mara moja katika kila mzunguko wa pedali hutoka mara nyingi kwenye pedali yenyewe au mkono wake, na tiba ya kwanza ni kukaza kabla ya kununua.

Namba zinazodanganya

Kuna jambo ambalo hata Starley hakulimaliza, nalo ni vipimo. Viwanda vilivyofuata nyayo zake vilitengeneza magurudumu ya ukubwa mbalimbali, na kila nchi ikaandika namba kwa desturi yake. Mkanganyiko huo bado unatuandama.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua jijini London tairi lililoandikwa 26 kwa ajili ya baiskeli kuukuu iliyokuwa na tairi la 26. Jioni nzima ilipotea, vidole vikachubuka, na tairi halikukubali kuvaa. Kosa lilikuwa la mnunuzi. Tairi la 26 la baiskeli ya milimani hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 559. Tairi la 26 kwa 1 3/8 la baiskeli za zamani za Kiingereza hukaa kwenye rimu ya milimita 590. Namba ya kwanza ni moja, lakini mpishano ni wa milimita 31.

Dawa yake ipo ubavuni mwa tairi. Siku hizi matairi mengi huandikwa tarakimu mbili kwa milimita, kwa mfano 50-559: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu. Ile ya pili ndiyo isiyosamehe. Baiskeli kubwa nyeusi zinazojulikana sana kwetu, zenye tairi la 28 kwa 1 1/2, zina kipenyo cha milimita 635. Mwenye kumwagiza ndugu aliye ughaibuni amletee tairi na amtumie namba hiyo, asimtumie neno ishirini na nane peke yake.

Mnyororo nao una sharti lake. Kadiri meno ya nyuma yanavyokuwa na sahani nyingi, ndivyo mnyororo unavyokuwa mwembamba. Mnyororo wa sahani tisa hauendi kwenye baiskeli isiyo na gia, na ule mnene wa baiskeli isiyo na gia hautapita kwenye sahani tisa. Kabla ya kununua, hesabu sahani.

Hewa ndani ya mpira

Rover ya kwanza ilikuwa na matairi ya mpira mgumu, na magurudumu yake madogo yalimtikisa mwendeshaji kuliko lile kubwa la zamani. Huo ulikuwa udhaifu wake mkuu. Tiba ilitoka Belfast mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mzaliwa wa Scotland, alipoifungia baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mipira iliyojazwa hewa. Mwaka uliofuata baiskeli zenye matairi ya hewa zilianza kushinda mashindano, na hoja ya mwisho ya kutetea gurudumu kubwa ikafa.

Pamoja na hewa ilikuja pancha. Matairi ya mwanzo yalibandikwa kwenye rimu kwa gundi, na kuziba tundu dogo ilikuwa kazi ya saa kadhaa. Kuanzia mwaka 1890 yalibuniwa matairi yanayoweza kuvuliwa kwa mkono na vyuma vidogo vya kubanulia, na tundu likawa kazi ya kiraka na solushini. Kwa mara nyingine, uvumbuzi ulikamilika siku ulipoweza kutengenezwa barabarani na mtu asiye na kiwanda.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 umbo lilikuwa limetulia: fremu ya mirija yenye sura ya almasi, magurudumu mawili yanayolingana, mnyororo nyuma, hewa ndani ya matairi. Starley hakulikamilisha peke yake, kwani viwanda vingine viliiboresha fremu. Lakini njia alikuwa ameionyesha yeye.

Mwisho wa safari

Starley hakuacha kujaribu. Mwaka 1888 aliunda baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa umeme, wakati ambapo sheria ya Uingereza ilivizuia vyombo vya barabarani vinavyoendeshwa kwa mashine kupita maili nne kwa saa. Wazo hilo lilitangulia zama zake, na hakulifikisha sokoni.

Baada ya kuachana na Sutton mwishoni mwa miaka ya 1880, kampuni ilichukua jina lake, na mwaka 1896, katika kilele cha homa ya baiskeli nchini Uingereza, ikawa Rover Cycle Company. Homa hiyo haikudumu. Viwanda vilikuwa vingi kupita wanunuzi, bei zikaporomoka, na kampuni kadhaa zikafa. Ya Starley ilinusurika.

Tarehe 29 Oktoba 1901 alifariki ghafla mjini Coventry, akazikwa katika makaburi ya mji huo. Miaka mitatu baadaye kampuni yake ilitengeneza gari lake la kwanza. Mwaka 1948 ikatoa gari lenye sura ya sanduku, lisilo na madoido, lililokusudiwa mashamba. Liliitwa Land Rover.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi. Landrova ilibeba mabwana shamba, askari wa wanyamapori, wagonjwa na viongozi katika njia ambazo hazikuwa njia. Nalo lilipendwa kwa sababu ileile: lilifunguka, na fundi wa kijijini aliweza kulielewa. Tangu mwaka 2008 jina hilo ni mali ya kampuni ya Tata ya India. Wachache hukumbuka kwamba lilikuwa kwanza jina la baiskeli.

Urithi wake kwetu

Baiskeli zilifika Afrika Mashariki kutoka viwanda vya Kiingereza kama Raleigh ya Nottingham, na baadaye kutoka India na China. Zilibeba makatekista, walimu, wakunga na wanasiasa wa kupigania uhuru. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ndiko lilikozaliwa neno boda boda, kwa vijana waliowavusha abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Burundi, vijana hushuka milima kuelekea Bujumbura na vikonyo vya ndizi vilivyowazidi uzito.

Baiskeli hizo hazikufa kwa sababu spea zilipatikana sokoni na mafundi walipatikana chini ya miti. Spoki ilinunuliwa moja, gololi zilihesabiwa kiganjani, pedali ya baiskeli moja ilimalizia maisha yake kwenye baiskeli nyingine.

Hata baiskeli ya milimani, inayodhaniwa kuwa uvumbuzi wa juzi, ilizaliwa kwa njia hiyo. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin huko California waliokota baiskeli kuukuu zenye matairi manene, wakazibadilishia vipande na kushindana kuteremka milimani. Mteremko mmoja, uliokimbiwa kuanzia mwaka 1976, uliitwa Repack, kwa sababu breki za nyuma zilipata moto hadi grisi ikaungua, na baada ya mbio ilibidi kuzifungua na kujaza grisi mpya. Mwaka 1981 baiskeli ya namna hiyo ilianza kutengenezwa kwa wingi kiwandani. Ilikuwa na gia nyingi na breki kali, lakini mifupa yake ilikuwa ileile ya Rover.

Leo zipo baiskeli za umeme na za nyuzi za kaboni ambazo baadhi ya sehemu zake zimefungwa zisifunguke, au hupatikana kwa mtengenezaji mmoja tu. Zina wepesi na mwendo ambao Starley angeustaajabia. Lakini anayekwenda dukani, awe London au Mwanza, ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: kipande hiki kikivunjika, nani atakitengeneza, na kwa spea ya wapi?

Katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London, imehifadhiwa Rover ya mwaka 1885. Fundi wa Shinyanga akiletwa mbele yake, hatahitaji mkalimani. Ataangalia mnyororo kwanza, kisha atatafuta nati mbili za gurudumu la nyuma.